Siku Ruzuku Ilipopanda Kwamrea

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani za fisi na sungura. Nasema zamani ambazo baadhi yenu mlikuwa mmeshazaliwa, na wengine mlikuwa bado mgongoni mnalilia ugali. Kaeni vizuri. Atakayesinzia leo simwamshi, ila nikimaliza nitamuuliza yeye kwanza.

Hapo zamani, juu milimani Upareni, kulikuwa na kijiji kinaitwa Kwamrea. Watu wake walilima tangawizi na migomba kwenye miteremko ambayo hata mbuzi hufikiri kabla ya kuikanyaga. Mali hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni ndiva, yaani bwawa la kumwagilia mashamba ambalo babu zao walilichimba kwa mikono, na adabu ya kupokea wageni. Adabu yao ilikuwa hii: mgeni haonyeshwi shida. Ukifika kwa mtu wa Kwamrea ambaye hajala tangu jana, atakwambia hatujambo, karibu, na utakula, na hutajua chakula kile kimetoka nyumba gani. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mgeni aijulie nini?

Tena walikuwa na msaragambo. Msaragambo ni kazi ya wote. Pembe ikilia, kila mtu anaacha lake na kutoka. Kama mfereji umebomoka, wanauziba. Kama upepo umeezua nyumba ya mjane, wanaiezeka. Pembe haiulizwi sababu. Mimi nimezunguka nchi hii, nimekula kwa matajiri na nimelala kwa maskini, lakini watu kama wale wa Kwamrea nawasifu mpaka leo, na mtaniacha niwasifu hata pale walipokosea.

Sasa mwaka huo watoto watatu wa Kwamrea walichaguliwa kwenda vyuoni kwa mpigo. Jambo hilo halikuwahi kutokea.

Wa kwanza alikuwa Nakiete, binti wa mjane. Baba yake alikuwa seremala, na alipokufa aliacha kochi moja la mninga, zito, zuri, alilolitengeneza mwenyewe. Mengine yote aliyaacha kama alivyoyakuta. Nakiete na mama yake walilima tangawizi kwenye shamba la watu wakigawana na mwenye shamba. Alichaguliwa chuo cha uuguzi. Mwaka uliotangulia alichaguliwa vilevile, lakini mama yake aliugua, naye akabaki kumuuguza. Safari hii ilikuwa bahati ya pili, na bahati ya tatu hakuna aliyemwahidi.

Wa pili alikuwa Charema, aliyelelewa na bibi yake, Bibi Namkunda. Bibi huyo alikuwa na seti ya vikombe vya maua pamoja na chupa ya chai, vitu vya harusi ya marehemu binti yake, mama yake Charema. Vilikaa sandukuni na kutolewa kwa mgeni tu. Charema alikuwa mtu wa mifereji tangu utoto. Ndiva ikivuja, wazee walimtafuta yeye. Alichaguliwa chuo cha maji.

Wa tatu alikuwa Elieshi, binti mkubwa wa nyumba yao. Baba yake, Mzee Kiondo, alianguka kutoka kwenye mparachichi akiangua maparachichi ya kuuza, miguu ikafa ganzi, ikabaki hivyo. Mama alishatangulia mbele ya haki. Wadogo zake wote walikuwa wakimtazama Elieshi kama vifaranga wanavyomtazama mama yao. Alikuwa na jogoo mmoja mwekundu, mkubwa, ambaye alimlea kwa makusudi. Jogoo huyo ndiye angeuzwa gulioni apatikane nauli ya kwenda chuoni na godoro la kulalia huko. Chuo chenyewe kilikuwa cha kilimo.

Hao ndio watatu. Mmewashika? Nakiete wa kochi, Charema wa vikombe, Elieshi wa jogoo.

Ikaja habari kutoka wilayani. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sekivunga, akaitisha mkutano akaieleza. Serikali imetenga ruzuku kwa wanafunzi wa vyuo. Si mkopo, haitadaiwa mtu. Italipa ada, chumba na chakula mpaka mwanafunzi amalize. Lakini ni kwa yule ambaye kwao hawana uwezo, na kata nzima imepewa nafasi moja. Kata yote mwaka ule ilikuwa na wanafunzi hao watatu tu. Afisa angepanda mlima, angeingia nyumba zao, angeona kwa macho yake, halafu angeamua. Asipoona mwenye uhitaji, nafasi ingekwenda kata nyingine.

Charema akanyoosha mkono akauliza swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Akija kuona shida, tutamwonyesha nini?

"Tutamwonyesha ukarimu, mwanangu," Mzee Sekivunga akamjibu. "Shida ataijua mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Na hapo ndipo Kwamrea walipokosea, jamani, kosa ambalo watu wabaya wasingeweza kulifanya. Mtu mbaya akisikia serikali inakuja kuwatafuta maskini, hufunua shida zake zote, na zile asizokuwa nazo huziazima kwa jirani. Kwamrea waliazima utajiri.

Siku ikafika. Afisa aliitwa Bi. Zamoyoni, mwanamke wa pwani, mnene kidogo, mcheshi, asiyeizoea milima. Gari lilimwacha bondeni, akaanza kupanda kwa miguu. Kabla hajafika nusu ya njia, mtu akamwona, pembe ikalia. Kila mtu akaacha lake akatoka. Mara hii hakukuwa na mfereji wa kuziba. Kilichotakiwa kuzibwa ni macho ya mgeni.

Nyumba ya kwanza ilikuwa kwa Nakiete. Kochi lilikuwepo, ni la pale. Vikombe vikaletwa mbio kutoka kwa Bibi Namkunda. Jogoo akaletwa kutoka kwa Elieshi, akafungwa kamba mguuni pale uani ili aonekane. Sukari sijui ilitoka wapi, na ningeuliza wangeniona mjinga.

Bi. Zamoyoni akafika anahema. Akaketi kwenye kochi. Akajifuta jasho kwa kitambaa chake. Akanywa chai kwenye kikombe cha maua. Akatazama. Mama yake Nakiete akamwambia, "Karibu mgeni, kwetu hatujambo. Jogoo yule tunakuchinjia."

Bi. Zamoyoni akasema anashukuru, ana haraka. Akaandika: hakuna uhitaji. Akatoka.

Mzee Sekivunga akampitisha njia ya kuzunguka. Akampeleka kwanza kuitazama ndiva. Akamweleza ilivyochimbwa, nani alichimba upande upi, nani alivunjika kidole. Mgeni anaitikia, miguu inamwuma. Wakati huohuo, ndani ya migomba, Nakiete na Charema wamejitwisha kochi la mninga wanateremka nalo kwa njia ya mkato, nyuma yao Elieshi ana vikombe kichwani na jogoo kwapani. Mtu hupumua kwa shida kwenye njia ile akiwa mikono mitupu.

Nyumba ya pili ilikuwa kwa Charema. Bi. Zamoyoni akafika anahema zaidi. Akaketi kwenye kochi. Akatafuta kitambaa chake ajifute jasho, hakukiona, akajifuta kwa kiganja. Akanywa chai kwenye kikombe cha maua. Akatazama. Bibi Namkunda akamwambia, "Karibu mjukuu wangu, kwetu hatujambo. Jogoo yule tunakuchinjia."

Bi. Zamoyoni akamtazama jogoo, akasema majogoo wa huku wanafanana sana. Mzee Sekivunga akamweleza kwamba ni ukoo mmoja. Mgeni akasema anashukuru, ana haraka. Akaandika: hakuna uhitaji. Akatoka.

Akazungushwa tena. Safari hii alionyeshwa makaburi ya waliochimba ndiva.

Nyumba ya tatu ilikuwa kwa Elieshi. Kochi limeshafika, vikombe vimeshafika, wenye nyumba mbili za kwanza nao wamefuata, jogoo amerudi kwao naye amechoka hata kuwika hawezi. Bi. Zamoyoni akafika, hahemi tena, anakoroma. Akajitupa kwenye kochi. Mzee Kiondo alikuwa ameegemezwa ukutani na blanketi jipya la jirani miguuni. Naye akasema kama walivyosema wenzake. Karibu mgeni, kwetu hatujambo. Jogoo yule tunakuchinjia.

"Nashukuru, baba," Bi. Zamoyoni akasema. "Tangu alfajiri sijatia kitu tumboni. Hapa nitakula."

Watu wa Kwamrea walikuwa wamejiandaa kwa kila jambo isipokuwa mgeni kukubali. Mzee Sekivunga akatazama juu. Mama yake Nakiete akatazama chini. Mzee Kiondo akamgeukia binti yake, kwa sababu alijua jogoo yule ni nani. Nauli ni yeye, na godoro ni yeye.

Elieshi hakumtazama mtu. Akatoka uani, akamfungua jogoo kamba, akamkabidhi Mzee Sekivunga pamoja na kisu, akaenda kuwasha moto. Hakusita, hakuguna. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tunausema msemo huo kwenye harambee, tumevaa suti. Elieshi aliutenda peku.

Wakati chungu kiko motoni, Bi. Zamoyoni akawa anapumzika kwenye kochi. Mkono wake ukateleza kati ya mito. Akahisi kitu. Akakivuta. Kilikuwa ni kitambaa chake, kina jasho lake la nyumba ya kwanza.

Akakiweka magotini. Halafu akauliza kwa upole, kitambaa changu kimefikaje hapa?

"Upepo, mheshimiwa," Mzee Sekivunga akasema. "Upepo wa huku una nguvu."

Hata jogoo angekuwa hai angecheka. Bi. Zamoyoni hakucheka. Akalipapasa lile kochi, akakigeuza kile kikombe cha maua mkononi, akanusa mchuzi wa jogoo. Akafahamu yote. Mtu wa pwani si mjinga, naye kwao amekula chakula cha jirani mara ngapi. Lakini kufahamu ni kitu kimoja na kuandika ni kitu kingine. Akawaeleza wazi. Sheria inamtaka aandike anachokiona na anachoambiwa na wenyeji, haimruhusu kuandika anachokisia. Alichokiona nyumba zote ni kochi na vikombe na jogoo. Asipoambiwa neno, atakula, atashukuru, atashuka, na ruzuku itakwenda kata nyingine.

Akasema, "Semeni. Nawasikiliza."

Nani aseme? Kusema shida yako mbele ya mgeni Kwamrea ni kama kuvua nguo gulioni. Ruzuku ilikuwa inainuka kitini inaaga.

Ndipo Nakiete akasema. Alisema maneno matatu.

"Kochi ni letu."

Basi. Angalieni binti yule alichofanya. Hakumwaibisha mtu, hakusema fulani ni maskini. Alisema kwao kuna kochi, na mwenye akili akajua kwamba kwingine hakuna. Alijitajirisha yeye ili wenzake waonekane. Alijua kabisa kwamba kwa maneno yale anajifungia mlango kwa ndani. Bahati ya pili, na ya tatu hakuna aliyemwahidi.

Charema akamtazama Nakiete, naye akasema, vikombe ni vyetu. Na kutoka jikoni, katikati ya moshi, sauti ya Elieshi ikasema jogoo ni wetu. Sikilizeni wanavyogombania utajiri watoto wa maskini!

Bi. Zamoyoni akatikisa kichwa. Akasema sasa nimejua nani ana nini, lakini uhitaji bado hakuna aliyenitajia. Mwenye kochi ana kochi, mwenye vikombe ana vikombe. Nitaandika nini?

Hapo Charema akasimama. Bibi yake akamvuta shati, hakukaa. Bibi akamwambia kwa sauti ndogo ya onyo, "Charema, mgeni yuko." Hakukaa.

"Bi. Afisa, mficha uchi hazai," akasema. "Nyumba hii uliyoketi haina kiti. Watoto uliowaona pale mlangoni, wadogo zake Elieshi, mvua ikinyesha wanalala wameketi, maana paa linavuja pote isipokuwa pembeni. Jogoo unayepikiwa ndiye nauli ya Elieshi ya kwenda chuoni, hana mwingine. Na kwao Nakiete, mama akiugua huchemshiwa majani, na Nakiete humdanganya kwamba ni dawa ya hospitali. Hivyo ndivyo tulivyo. Andika."

Akaulizwa, na kwenu? Akajibu kwao kuna vikombe, akaketi.

Nakiete akainua kichwa akamwambia mgeni kwamba huyu naye hasemi lake. Bibi yake hushinda bila kula akimwambia amefunga. Mwezi wa funga umeisha zamani, naye bado amefunga, ili Charema ale.

Bibi Namkunda akasimama. Akajifunga kanga yake vizuri, akatoka nje, akakaa juu ya jiwe akawapa mgongo. Mjukuu wake alikuwa amewavua watu nguo, na mwenzake amemvua yeye. Charema alimtazama kupitia mlangoni. Ndani ya nyumba mama yake Nakiete alikuwa analia kimyakimya, ndiyo kwanza ajue yale majani yalikuwa majani.

Bi. Zamoyoni akafuta alichoandika nyumba ya kwanza. Akafuta alichoandika nyumba ya pili. Akaandika upya yote aliyoambiwa, la kila nyumba. Halafu kalamu ikasimama, kwa sababu sasa wenye uhitaji walikuwa watatu na nafasi ilikuwa ileile moja.

Akawauliza wenyewe. Nakiete akasema apewe Charema, ndiva inavuja na mlima mzima unakunywa humo, akisoma maji atakuwa amewasomea wote. Charema akasema apewe Elieshi, watoto wale wakikosa dada mwenye kazi watalala wameketi maisha yao yote. Elieshi akaingia na sahani, akaiweka mbele ya mgeni, akamnawisha mgeni mikono. Akaulizwa, wewe je, unasema apewe nani?

"Kula kwanza, mgeni wetu," akasema. "Kinapoa."

Bi. Zamoyoni akala. Alikula taratibu sana, na kila tonge lilimpa shida kushuka, lakini alikimaliza chakula chote, kwa sababu kukibakiza kungekuwa kumtukana binti yule. Hilo nalo limo katika sifa. Mgeni naye alikuwa mtu.

Wakati anakula, Kwamrea wakaanza kubishana. Na mjue walivyo wale watu: hakuna mzazi aliyemtetea wa kwake.

Mzee Sekivunga alimtetea Nakiete. Akasema sisi wote tulikuwa mabubu, mimi wa kwanza, nimeleta habari za upepo mpaka nimejionea haya. Mlango aliufungua Nakiete kwa maneno matatu. Asingesema yeye, Charema asingepata pa kupitia. Tena alisema akijua anaipoteza nafasi. Mwaka jana alimpa mama yake nafasi, mwaka huu amewapa wenzake. Mtu huyo atatoa nafasi mpaka lini? Lakini mtu mmoja nyuma akamkumbusha kwamba Nakiete naye alilibeba kochi lile nyumba kwa nyumba, na kwa mabega yake uongo ulitembea. Mzee Sekivunga akajibu kwamba uongo ule ulikuwa wake yeye mwenyekiti, na binti aliitika pembe tu.

Mzee Kiondo, baba yake Elieshi, alimtetea Charema. Wa kwake yuko jikoni, jogoo amekwisha, naye anamtetea mtoto wa watu. Akasema kochi ni letu ni maneno mazuri, lakini mgeni alishasema hayatoshi. Aliyetoa maneno yanayoandikika ni Charema. Bila yeye tungekuwa na heshima zetu zote na ruzuku iko kata nyingine. Na tazameni amelipa nini. Nakiete amepoteza nafasi asiyokuwa nayo bado. Charema amempoteza bibi aliyekuwa naye, tazameni mgongo ule pale nje.

Mgongo ukageuka. Bibi Namkunda alikuwa anasikia kila neno. Akarudi mlangoni, akasema yeye mjukuu wake anampenda kuliko macho yake mawili, ndiyo maana anasema asipewe. Aliyewavua wenzake nguo hadharani, hata kama ni kwa kuwaponya, asilipwe kwa kazi hiyo. Akilipwa, kesho kila mtoto wa mlima huu atajifunza kuuza siri za majirani. Mpeni Elieshi. Yeye hakusema la mtu, hata lake. Alitoa. Asubuhi nyumba hii ilikuwa na jogoo, sasa haina kitu. Sheria inasema apewe asiyekuwa na kitu, ubishi wa nini?

Mama yake Nakiete, macho mekundu, akaafiki kwamba Elieshi apewe, ingawa mtoto wake ndiye aliyefungua mlango. Akasema wa kwangu atabaki na mimi, tumeshazoea. Mzee Kiondo akamkatalia. Akasema sisi hatukuchinja jogoo ili tulipwe, na sadaka ikilipwa haiwi sadaka tena. Tena umaskini wa kuchinja mwenyewe si sawa na umaskini wa kuzaliwa nao. Binti yangu alikuwa na hiari. Bibi Namkunda akamwuliza, hiari gani, mgeni ameshasema atakula?

Hapo mgeni akawa amemaliza sahani.

Bi. Zamoyoni alinawa. Jua lilikuwa limepinda na gari lilikuwa linamsubiri bondeni. Akawaambia kwamba katika kazi yake amezoea watu wanaogombania ruzuku, anajua namna ya kuwaamua hao. Watu wanaosukumiana hakuwahi kukutana nao, na hakuna aliyemfundisha. Akaomba wanyamaze. Akainama akaandika jina moja, akakunja karatasi zake, akawaaga wote kwa mkono, mmoja mmoja. Mzee Sekivunga alimsindikiza, na mara hii alimpitisha njia ya mkato.

Jina lile mimi nalijua. Msinitazame hivyo, silitoi. Kila nilipolitoa watu waliacha hadithi wakaanza kugombana, na mwaka mmoja karamu ya watu ilinivunjikia mikononi.

Nitawaambia hili tu. Siku ya kwenda chuoni, pembe ililia Kwamrea asubuhi, watu wakatoka wote. Hata nauli ilipatikana hapohapo, senti kwa senti, wakachanga. Mlima ukashukwa na vijana watatu pamoja. Wawili walikuwa wamejitwisha mizigo, godoro kichwani kwa mmoja na sanduku kichwani kwa mwingine, wanataniana kana kwamba ni wao wanaosafiri. Kati yao alitembea wa tatu. Kila alipojaribu kuwapokea mzigo walimkatalia, wakimwambia utabeba vya kwako huko uendako. Naye alishuka mlima wote anatembea katikati ya wenzake, mikono mitupu, analia.

Haya, wewe uliyekuwa unasinzia, nianze na wewe. Aliyeshuka mikono mitupu, alistahili kuwa nani?